Kutoka Kuandaa Wataalamu hadi Kuchunguza Fikra za Mwanafunzi: Historia ya Jumuiya ya Watafiti wa Ufundishaji wa Takwimu na Uwezekano, 1950–2007

Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2002 lilitoka toleo la kwanza la Statistics Education Research Journal, jarida la utafiti la Chama cha Kimataifa cha Elimu ya Takwimu (IASE). Jarida hilo halikuzuka ghafla. Lilikuwa mrithi wa kijarida cha habari kilichoanza katika miaka ya 1980, chenye kurasa chache zilizowaarifu watafiti nani amekamilisha tasnifu gani, makala zipi zimechapishwa, na mkutano ujao utafanyika wapi. Wanahistoria wa elimu kwa kawaida hupita vijarida vya aina hiyo bila kuvitazama mara mbili, kwa kuwa havibebi nadharia wala matokeo ya utafiti. Hata hivyo, katika uwanja ambao watafiti wake walikuwa wametawanyika katika idara za saikolojia, hisabati, ualimu na takwimu zenyewe, kijarida hicho ndicho kilichokuwa anwani yao ya pamoja.

Makala hii inafuatilia namna jumuiya hiyo ilivyoundwa. Hoja yake ni kwamba jumuiya haikuzaliwa na mitaala mipya wala na kuenea kwa kompyuta, ingawa vyote viwili vilichangia. Ilizaliwa pale swali la msingi lilipobadilika. Badala ya kuuliza mwanafunzi afundishwe nini, baadhi ya watafiti walianza kuuliza mwanafunzi anaingia darasani akiwa tayari anaamini nini kuhusu bahati, nasibu na wingi. Swali hili la pili haliwezi kujibiwa bila kuisikiliza lugha ambayo mwanafunzi huyo anafikiria kwayo. Kwa sababu hiyo, historia inayoonekana kuwa ya miji ya mbali inawagusa moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili.

Ni vyema kutoa tahadhari ya istilahi mapema. Katika Kiswahili neno “takwimu” hutaja tarakimu zilizokusanywa na pia taaluma inayozishughulikia. Makala hii inalitumia zaidi kwa maana ya taaluma. Neno “uwezekano” lina mzigo mkubwa zaidi, na litajadiliwa mahali pake.

Wataalamu kwanza

Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu (ISI) iliundwa mwaka 1885, lakini kwa zaidi ya nusu karne elimu haikuwa miongoni mwa shughuli zake kuu. Hali ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Umoja wa Mataifa ulihitaji tarakimu zinazolinganishika kutoka kila nchi, na nchi nyingi hazikuwa na watu wa kuzikusanya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 taasisi hiyo iliunda kamati ya elimu, na mwaka 1950 kikafunguliwa Calcutta Kituo cha Kimataifa cha Elimu ya Takwimu, kwa ushirikiano na taasisi ya takwimu ya India iliyoasisiwa na P. C. Mahalanobis mwaka 1931. Elimu ya takwimu katika kipindi hicho ilimaanisha jambo moja: kuwaandaa maofisa wa serikali watakaoendesha sensa, tafiti za kaya na hesabu za pato la taifa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia mlango huohuo. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, na Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi ilianzishwa Makerere mwaka 1969. Kati ya tarehe hizo mbili Tanzania ilifanya sensa yake ya kwanza baada ya Uhuru, ile ya Agosti 1967. Mantiki ya wakati huo haina shaka: dola changa haiwezi kupanga shule na zahanati bila kujua idadi ya watu wake, na haiwezi kuwahesabu bila wahesabuji waliofunzwa. Hakuna haki ya kuwalaumu waasisi wa vyuo hivyo kwa kutouliza mtoto wa darasa la tano anaelewaje wastani. Kinachofaa kutiliwa maanani ni kwamba mlango walioingilia uliamua, kwa miaka mingi iliyofuata, maswali ambayo ukanda huu ungeyauliza kuhusu takwimu.

Kwingineko shule zilianza kuvutwa polepole. Mwaka 1969 wataalamu walikutana Carbondale, jimbo la Illinois, Marekani, kujadili ufundishaji wa takwimu na uwezekano shuleni, na mwaka uliofuata Lennart Råde wa Sweden akahariri kitabu cha mada zilizowasilishwa. Uingereza ilianzisha mradi wa elimu ya takwimu mashuleni mjini Sheffield mwaka 1975, chini ya Peter Holmes, na mwaka 1979 likaanza jarida la Teaching Statistics lililokusudiwa kwa walimu. Kazi hizi zilikuwa za manufaa, na baadhi ya vitabu vya mradi wa Sheffield bado vinasomeka vizuri. Hata hivyo, zilibaki katika swali la zamani: mada zipi, kwa umri gani, kwa zana zipi.

Fikra ambazo mwanafunzi huja nazo

Swali jipya lilitoka nje ya taaluma ya takwimu. Mwaka 1951 Jean Piaget na Bärbel Inhelder walichapisha kwa Kifaransa uchunguzi wao kuhusu chimbuko la wazo la bahati kwa mtoto. Walishikilia kwamba mtoto mdogo hawezi kuwa na dhana ya uwezekano, kwa kuwa bado hajatofautisha kile ambacho lazima kitokee na kile kinachoweza kutokea au kutotokea. Dhana kamili, kwa maoni yao, huja baada ya fikra za kimantiki kukomaa, mtoto anapokaribia ujana. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1975, karibu robo karne baadaye. Ucheleweshaji huo si jambo dogo: kizazi kizima cha walimu wa dunia inayotumia Kiingereza kiliijua hoja hiyo kwa kusimuliwa tu.

Mwaka huohuo wa 1975 Efraim Fischbein, mwanasaikolojia aliyeanza kazi zake Romania na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Tel Aviv, alichapisha kitabu kilichompinga Piaget katika jambo la msingi. Fischbein alidai kwamba hata mtoto ambaye hajaanza shule ana utambuzi wa awali wa bahati, utambuzi unaotokana na maisha na usiosubiri somo. Shule inaweza kuukuza utambuzi huo au kuudumaza. Yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuonesha mwaka 1970 kwamba watoto wa shule ya msingi, baada ya mafunzo mafupi, waliweza kulinganisha uwezekano kwa kutumia uwiano, jambo ambalo nadharia ya Piaget ililiahirisha hadi umri mkubwa zaidi. Kwa Fischbein, tatizo halikuwa kwamba mtoto hajui. Tatizo lilikuwa kwamba mtoto anajua tayari, na anachokijua kina nguvu.

Nguvu hiyo ilidhihirishwa kwa namna ya kushtua na wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman. Makala yao ya mwaka 1971 haikuwahusu watoto wala watu wasiosoma. Waliwauliza maswali watafiti wenye mafunzo ya takwimu, na wakaona kwamba hata hao waliamini sampuli ndogo kana kwamba ni picha kamili ya kundi zima. Mfano wao uliorudiwa zaidi katika maandishi ya jumuiya hii ni wa hospitali. Mji mmoja una hospitali mbili. Katika kubwa huzaliwa watoto wapatao 45 kwa siku, na katika ndogo wapatao 15. Kwa mwaka mzima kila hospitali iliweka kumbukumbu ya siku ambazo zaidi ya asilimia 60 ya watoto waliozaliwa walikuwa wa kiume. Ni hospitali ipi iliyokuwa na siku nyingi zaidi za aina hiyo? Katika wanafunzi 95 wa chuo waliotajwa katika makala ya mwaka 1974, 21 walisema kubwa, 21 walisema ndogo, na 53 walisema ziko sawasawa. Jibu sahihi ni hospitali ndogo. Idadi ndogo huyumba kwa urahisi kutoka kwenye nusu, kama mtu anavyoweza kurusha sarafu mara tano akapata upande mmoja mara nne bila kushangaa, ilhali akirusha mara elfu moja hawezi kuupata mara mia nane.

Inafaa kukaa kidogo kwenye jibu la wale 53, maana humo ndimo kiini cha historia hii. Hawakubahatisha. Walitumia kanuni: asilimia 60 ni asilimia 60, iwe ya 15 au ya 45. Kanuni hiyo ni sahihi katika somo la uwiano, na ni shule iliyowapa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, Fischbein na Ditza Schnarch waliwauliza wanafunzi wa darasa la tano, la saba, la tisa na la kumi na moja, pamoja na wanafunzi wa ualimu, maswali ya aina hii. Moja liliuliza kama uwezekano wa kupata upande wa kichwa angalau mara 2 katika kurusha sarafu 3 ni mdogo kuliko, sawa na, au mkubwa kuliko ule wa kuupata angalau mara 200 katika kurusha 300. Uwezekano wa kwanza ni nusu kamili. Wa pili ni chini ya moja kwa milioni. Baadhi ya makosa mengine yalipungua kadiri umri ulivyopanda, lakini kosa la kupuuza ukubwa wa sampuli liliongezeka. Kadiri mwanafunzi alivyosoma hisabati zaidi, ndivyo uwiano ulivyozidi kumtawala mahali ambapo hauhusiki. Matokeo hayo yana uchungu wake kwa mwalimu yeyote, na huenda ndiyo sababu hayakuenea upesi nje ya jumuiya.

Uingereza nayo ilikuwa na ushahidi wake. David Green aliwapima wanafunzi wapatao 3000 wa umri wa miaka 11 hadi 16. Katika swali mojawapo walioneshwa paa la kibanda lenye vigae 16 na kuulizwa chembe za theluji zingeangukaje juu yake. Wengi walivutwa na mpangilio uliosambaa sawasawa, kana kwamba nasibu ni jina jingine la usawa, na umri haukuonekana kuwasaidia kuitambua nasibu. Swali hilo haliwezi kuhamishwa lilivyo hadi Tabora, ambako mtoto hajaona theluji. Matone ya kwanza ya mvua kwenye bati au kwenye uwanja wenye vumbi yangefaa badala yake, na mtoto wa Tabora ameyaona mara nyingi.

Sheffield na kijarida

Mwezi Agosti 1982 ulifanyika Sheffield mkutano wa kwanza wa kimataifa wa ufundishaji wa takwimu, unaojulikana kwa kifupi ICOTS. Ulipangwa kufanyika kila baada ya miaka minne, na utaratibu huo umedumu: Victoria nchini Kanada 1986, Dunedin nchini New Zealand 1990, Marrakech 1994, Singapore 1998, Cape Town 2002, na kuendelea. Mikutano hiyo iliwakutanisha wakufunzi wa vyuo, walimu wa shule, maofisa wa idara za takwimu na watunzi wa mitaala. Watafiti wa fikra za wanafunzi walikuwa wachache miongoni mwao, na mkutano wa siku chache kila baada ya miaka minne haukuweza kulisha uwanja mchanga.

Ndipo kikaundwa, katika miaka hiyo ya 1980, kikundi cha kimataifa cha watafiti wa ujifunzaji wa uwezekano na takwimu. Joan Garfield wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikihariri kijarida chake cha habari hadi katika miaka ya 1990, kisha kazi hiyo ikachukuliwa na Carmen Batanero wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania. Hapo mwanzo kijarida kilisafiri kwa karatasi, baadaye kwa njia ya elektroniki. Yaliyomo yalikuwa ya kawaida kabisa: muhtasari wa machapisho ya wanachama, orodha ya tasnifu mpya, taarifa za mikutano iliyopita na ijayo. Hata hivyo, thamani yake haipimwi kwa yaliyomo peke yake. Mtafiti wa kipindi hicho angeweza kuwa mtu pekee katika chuo chake anayeshughulikia suala hili. Wasimamizi wake walitoka katika saikolojia au hisabati, na wajumbe wa jopo la mitihani waliweza kumuuliza, kwa nia njema, kama kazi yake ni ya idara yao kweli. Kuiona tasnifu yake imetajwa kwa mistari michache karibu na ile ya mtu wa nchi nyingine aliyeuliza swali la jirani kulimpa kitu ambacho chuo chake hakikuweza kumpa, yaani wasomaji.

Jambo la pili ni la lugha. Kijarida kilipohamia Granada, kazi za Kihispania na lugha nyingine zilipata nafasi ya kujulikana kwa muhtasari hata kwa wasiozisoma. Tabia hiyo iliendelea kwa sehemu katika jarida la mwaka 2002, ambalo wahariri wake wa kwanza walikuwa Batanero na Flavia Jolliffe, na ambalo lilikaribisha makala kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Hilo lilikuwa jambo la busara. Kama kinachochunguzwa ni fikra zinazobebwa na maneno, utafiti unaosomeka kwa lugha moja tu utaishia kueleza fikra za wasemaji wa lugha hiyo na kuziita fikra za binadamu.

Safari ya kutoka kijarida hadi jarida ilipitia vituo vingine ambavyo vinaweza kutajwa kwa haraka. Mwaka 1988 Garfield na Andrew Ahlgren walichapisha mapitio ya ugumu wa kujifunza dhana za msingi za takwimu na uwezekano. Mwaka 1991 ISI ilianzisha IASE, na hivyo elimu ya takwimu ikatoka katika kamati na kuwa chama chenye wanachama wake. Mwaka 1992 Michael Shaughnessy alieleza tofauti iliyokuwa imejificha ndani ya jumuiya: wanasaikolojia ni watazamaji wanaoeleza makosa ya watu, ilhali waelimishaji ni waingiliaji wanaotaka kuyabadili. Mwaka 1999 Garfield na Dani Ben-Zvi walianzisha jukwaa la utafiti kuhusu fikra, hoja na uelewa wa takwimu, lililokutana kwa mara ya kwanza Israeli. Mwaka huohuo Chris Wild na Maxine Pfannkuch wa Auckland walichapisha uchambuzi wao wa namna watakwimu wanavyofikiri wakiwa kazini, uliosisitiza kwamba kutambua utofauti kati ya kitu na kitu ndiyo roho ya taaluma hii.

Tofauti aliyoieleza Shaughnessy haikuwa ya kinadharia tu. Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walionesha mwaka 1995 kwamba watu wengi zaidi hukokotoa vizuri wanapopewa habari kwa idadi, kwa mfano watu 10 kati ya 1000, kuliko wanapopewa asilimia. Kwa maneno mengine, sehemu ya kosa ilikuwa katika namna swali lilivyosemwa. Cliff Konold wa Massachusetts alikuwa amefika karibu na hapo mwaka 1989 kwa njia nyingine. Aliwahoji watu kuhusu utabiri wa hali ya hewa unaosema kuna uwezekano wa asilimia 70 wa mvua. Baadhi yao hawakuisikia asilimia 70 kama kipimo cha mara ngapi kwa siku za aina hiyo. Waliisikia kama jibu: mvua itanyesha. Walipoambiwa kwamba katika siku kumi zenye utabiri huo mvua ilinyesha siku saba, waliona mtabiri amekosea mara tatu. Kwa hesabu, mtabiri huyo alikuwa amepatia barabara.

Lango la Afrika

Mkutano wa Marrakech wa mwaka 1994 ulikuwa wa kwanza wa ICOTS kufanyika barani Afrika, na ule wa Cape Town wa Julai 2002 ukawa wa pili, ukiwa na kaulimbiu ya kujenga jamii yenye uelewa wa takwimu. Afrika Kusini ilikuwa na sababu zake za kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Taifa lililotoka katika utawala uliowapanga watu kwa rangi kwenye majedwali lilijua kwamba tarakimu ni chombo cha madaraka. Mwaka 2001, kuelekea sensa yake ya mwaka huo, lilikuwa limewashirikisha wanafunzi katika sensa ya shuleni. Suala la uraia liliwekwa mezani pia na Iddo Gal wa Haifa, ambaye mwaka huohuo wa 2002 alichapisha makala kuhusu uelewa wa takwimu kwa mtu mzima asiyezalisha tarakimu bali anayezipokea magazetini na ofisini.

Makala iliyolileta swali la Fischbein karibu zaidi na Afrika Mashariki ilitoka Malawi. Mwaka 2007 Mercy Kazima alichapisha uchunguzi wake kuhusu maana ambazo wanafunzi wa Malawi huyapa maneno ya Kiingereza yanayotumika kufundishia uwezekano. Wanafunzi hao, wasemaji wa Chichewa, walikuwa na maana zao kabla ya somo kuanza, nyingi hazikulingana na zile za hisabati, na lugha yao ya kwanza ilikuwa na mkono katika tofauti hiyo. Kwa jumuiya iliyozoea sarafu na dete, hii ilikuwa hatua ya maana. Ilionesha kwamba utambuzi wa awali unaweza kutafutwa ndani ya msamiati wenyewe.

Chichewa na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu, na swali la Kazima halihitaji kutafsiriwa sana ili liulizwe upande huu wa ziwa. Neno “uwezekano” limejengwa juu ya kitenzi kuwezekana. Maana yake ya kwanza ni hali ya jambo kuweza kufanyika, na msemaji anaposema kuna uwezekano huwa hajasema kiasi. Hisabati inalitaka neno hilohilo libebe kipimo kuanzia 0 hadi 1, kiasi kwamba tukio lisiloweza kutokea kabisa nalo lina uwezekano wake, ambao ni 0. Kwa sikio la kawaida hapo pana mgongano: jambo lisilowezekana linawezaje kuwa na uwezekano? Neno “nasibu” nalo limezoeleka katika “bahati nasibu”, mchezo wa tiketi na zawadi, wakati katika sura ya mbinu za utafiti ya tasnifu nyingi za Kiswahili “usampulishaji nasibu” hutaja utaratibu mkali unaompa kila mmoja nafasi inayojulikana ya kuteuliwa. Si ajabu kukuta katika sura hizo watafitiwa waliopatikana kwa kukutana nao tu wakiitwa sampuli nasibu. Kosa hilo ni la lugha kabla halijawa la takwimu.

Neno lenye matokeo makubwa zaidi pengine ni “wastani”. Katika mazungumzo, kitu cha wastani ni cha katikati, kinachotosha, si kibaya. Katika takwimu ni zao la jumla kugawanywa kwa idadi, na linaweza kuwa chini sana au juu sana kutegemea mahali. Kila msimu wa vuli na wa masika unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua, na wasikilizaji husikia kwamba baadhi ya maeneo yatapata mvua za wastani hadi juu ya wastani, na mengine za wastani hadi chini ya wastani. Nyuma ya maneno hayo kuna utaratibu ambao nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake zimeutumia tangu mwaka 1998: kumbukumbu za miaka mingi hugawanywa katika mafungu matatu, na kila fungu hupewa uwezekano wake. Mtabiri anaweza kuwa amelipa fungu la juu asilimia 45, la kati 35 na la chini 20. Mkulima wa Dodoma, ambako hata wastani wa mvua ni mdogo, anaweza kusikia ahadi ya mvua za kutosha. Akilima mahindi badala ya mtama kwa sababu hiyo, na fungu la chini likatokea, hatasema kwamba moja katika tano imetimia. Atasema wamedanganya, kama wale waliohojiwa na Konold walioona makosa matatu, isipokuwa kwamba yeye atakuwa amepoteza mbegu na msimu.

Shule haijamsaidia sana mkulima huyo. Kwa mujibu wa muhtasari wa Hisabati wa sekondari Tanzania wa mwaka 2005, mada ya takwimu iliwekwa kidato cha tatu na ya uwezekano kidato cha nne, zote zikifundishwa kwa Kiingereza. Shule za msingi za serikali kwa kawaida zilifundisha takwimu kwa picha na grafu, kwa Kiswahili, bila uwezekano. Aliyeishia darasa la saba hakuwahi kuisikia dhana hiyo darasani kwa lugha yoyote. Aliyefika kidato cha nne aliisikia katika mwaka wa mtihani, kwa neno la kigeni lililowekwa juu ya maneno yaliyokuwa yakifanya kazi kichwani mwake tangu utotoni: labda, huenda, pengine, yamkini. Jinsi maneno haya manne yanavyopangwa kwa nguvu na wanafunzi wa Unguja, wa Mbeya na wa Mombasa, na kama mpangilio huo ni mmoja, ni jambo linaloweza kuchunguzwa kwa karatasi ya maswali isiyozidi kurasa mbili, pamoja na mazungumzo marefu na wachache waliojibu tofauti na wenzao.